Presha ya Doto: Maisha ya Muuguzi Kurwa Chilumba

Marehemu Kurwa Klementi Chilumba alizaliwa Kikwajuni tarehe 14 Machi 1967. Alitangulia yeye, pacha wake Doto akafuata. Walifanana hata mama yao aliwahi kumwogesha mmoja mara mbili, mwingine akalala na vumbi lake. Doto ndiye aliyetukumbusha hayo jana, akacheka kidogo. Tangu Jumanne bado haamini.

Alianza masomo katika skuli ya msingi Mkunazini. Siku walipokuja wauguzi kuchanja, Doto alijificha chooni kwa kuogopa sindano. Kurwa akachanjwa, akarudi kwenye foleni akijiita Doto, akachanjwa tena. Mkono ulimvimba, na nyumbani mama akamtandika juu ya hayo.

Alihitimu uuguzi mwaka 1989 na kufanya kazi wodi ya wazazi. Mwaka 2019 alijiunga na utafiti wa kidonge cha kukinga kiharusi. Watu waliovuka miaka hamsini walimeza kidonge kila siku, nusu yao chenye dawa, nusu kitupu. Aliyetoa hakujua kipi ni kipi, wala aliyemeza. Dokta Khairat, mkuu wa utafiti, anasema hakuna aliyewaonya washiriki kama Kurwa. "Usibashiri, bibi wee," akiwaambia. "Meza, kisha njoo upimwe."

Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuwa washiriki, lakini Doto aliandikishwa. Kila alipopimwa, presha yake ilikuwa nzuri kama ya msichana. Doto alilalamika kwamba anamezeshwa chaki, maana haoni mabadiliko yoyote, na Kurwa akaamini hivyo. Wenzake walipomhimiza naye apimwe, aliwajibu, "Nshapimwa mie. Presha ya Doto ndo yangu, tumetoka tumbo moja." Wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Nani angebishana na mapacha?

Alifunga ndoa mwaka 1993 na Bwana Hilari Mbaruku, karani wa bandari Malindi, wakajaaliwa watoto wawili, Benadeta na Klementi. Bwana Hilari anasema hakuwahi kushinda ubishi hata mmoja nyumbani kwake, kwa kuwa kila mara alikuta kura mbili dhidi yake, ya mkewe na ya Doto.

Kuugua, hakuugua. Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alikuwa nyumbani Chukwani akipiga pasi kanga zake, Doto ameketi naye. Akasema, "Kichwa kinanipasuka. Hebu nishikie pasi." Doto akaipokea, akaisimamisha vizuri isiunguze nguo. Alipogeuka, Kurwa alikuwa chini. Hospitali walisema mshipa wa damu umepasuka kichwani. Presha yake ilikuwa juu mno hata daktari akadhani kipimo kibovu, akaagiza kingine. Alifariki alasiri ile ile.

Alhamisi Dokta Khairat alikuja msibani. Utafiti ulikuwa umefungwa mwezi Januari, na washiriki walikuwa wameanza kuambiwa walichokuwa wakimeza. Doto akamuuliza. Dokta alitaka mazungumzo hayo yangoje baada ya maziko, lakini Doto hakumwachia nafasi. "Nambie leo, daktari."

Kidonge cha Doto kilikuwa cha dawa.

Presha ile nzuri, ambayo Kurwa aliitegemea miaka yote kama yake, ilikuwa imeshushwa na dawa. Muuguzi aliyewakataza watu kubashiri alikuwa amebashiri uhai wake mwenyewe. Bwana Hilari alikaa chini sakafuni. Bi Sichana, shangazi yao, akajaribu kutuliwaza, akasema ajali haina kinga.

"Hii ilikuwa na kinga, shangazi," Doto akamjibu. "Nilikuwa naimeza mimi."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, shangazi, na pacha wake, ambaye ndiye aliyetaka haya yaandikwe na yasomwe mwenyewe akiwapo.

Mungu akupe pumziko la amani, Kurwa. Doto tutampima sisi.