Mapigo Matatu ya Kinue

Wafiwa wenzangu, majirani zetu wa hapa Hachinohe, na ninyi wenye nywele za kijani mliokuja kutoka Tokyo kwa treni ya asubuhi, mimi ni Urushibara Shigeki, mdogo wake marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza nisome mimi, ingawa alijua fika kwamba sauti sina na mkono wa kupiga chochote sina, hata makofi yangu hupishana na ya watu.

Dada yetu Urushibara Kinue alizaliwa tarehe 2 Februari 1964, katika chumba kilicho juu ya duka la wazazi wetu la kutengeneza tofu kwa maharage ya soya, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na marehemu mama alizoea kusema kwamba alitoka amekunja ngumi. Alianza shule ya msingi Aprili 1970, akaingia shule ya kati mwaka 1976, na Machi 1982 akahitimu sekondari ile iliyo nyuma ya duka letu, ambako bendi ya matarumbeta ilimkataa kwa kuwa alipiga ngoma kwa nguvu mno, basi akarudi nyumbani, akapindua madebe matupu ya mafuta ya kukaangia tofu, akayatwanga kila jioni, mpaka baba akapaza sauti kutoka chini, "Kinue, wateja wanadhani nyumba inabomolewa!" naye akajibu, "Waambie bado, baba, ndio kwanza naanza!"

Aprili 1982 alikwenda Tokyo, akafanya kazi kwa dobi mtaa wa Koenji, na mwaka 1984, pamoja na mwimbaji Mamiya Goro na wenzao wawili, akaanzisha bendi ya panki, muziki ule wa kasi na makelele, waliyoiita Maharage Mabichi, jina lililotoka dukani kwetu na ambalo baba hakuwahi kulisamehe. Nyimbo zao mnazijua, Baiskeli Isiyo na Breki, Kaptula ya Mwalimu Mkuu, lakini uliowaingiza kila nyumba ni Kesho Pia Nipo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana maisha ya dada yangu yamo ndani ya sekunde mbili za mwanzo wa wimbo huo.

Tarehe 11 Juni 1986 walikuwa studio kurekodi, na kama ilivyo desturi, mpiga ngoma hugonganisha vijiti vyake mara nne ili wenzake waanze pamoja, dada akagonga moja, mbili, tatu, na kwenye tatu kijiti kikakatika, naye badala ya kusimama akaivamia ngoma kwa kipande kilichobaki, wenzake wakamfuata mbiombio, na walipomaliza Goro akamkaripia, "Nne iko wapi, wewe?" naye akasema, "Kijiti kimevunjika, ulitaka ningoje kipone?" Muda wao wa studio ulikuwa umekwisha, wimbo ukatoka hivyohivyo, na miaka miwili haikupita kabla haujaanza kupigwa kwenye viwanja vya besiboli vya shule nchi nzima, watoto wakishangilia timu zao kwa matarumbeta, wote wakianza baada ya tatu, kosa la dada yangu likifundishwa kwa bidii kama hesabu.

Aliona aibu, tena aibu kubwa, akaanza kugonga nne kwenye kila onyesho ili kusahihisha, lakini huko Sendai, Oktoba 1988, ukumbi mzima uliingia kwenye tatu, ukaimba wenyewe, bendi ikabaki nyuma inakimbiza wimbo wake, na kesho yake akanipigia simu anacheka mpaka anakohoa, akaniambia, "Shige, wameshaninyang'anya, wimbo ni wao, na tatu ni tatu."

Tarehe 3 Mei 1991 alifunga ndoa na fundi wa piano Hideaki, shemeji yangu huyu mnayemwona, mtu mpole aliyekubali hata kuchukua jina la ukoo wetu, na mwaka 1993 wakajaliwa binti yao wa pekee, Chizuru. Bendi ilivunjika mwaka 1995 bila ugomvi, na baba alipofariki mwaka 1997 dada akarudi hapa, tukaliendesha duka pamoja, yeye akisaga soya kila alfajiri na kunigombeza mchana kutwa.

Tarehe 14 Machi 2016 kiharusi kilimwangusha pale pale kwenye beseni la tofu, upande wa kushoto ukafa ganzi, na daktari akamweleza kwa upole kwamba mkono ule huenda ukashika bakuli lakini asitarajie kushika kijiti cha ngoma, dada akauliza, "Hata mapigo matatu tu?" daktari akainamia karatasi zake, naye akalichukua hilo kuwa ni ruhusa. Kila siku kwa miaka miwili aliketi mbele ya debe, akigonga, akiangusha, akiokota, hataki kusaidiwa, na mwaka 2018 bendi ya sekondari ile ile iliyomkataa ilipomwomba auanzishe wimbo uwanjani, alikubali kabla hajauuliza mkono. Mimi nilimwambia, "Dada, achana nayo, utajiaibisha mbele za watu," neno ninalolijutia mpaka leo, naye akasema, "Aibu yangu inapigwa nchi nzima tangu ujana wangu, nyingine itanifanya nini?"

Siku ikafika, tarehe 15 Julai 2018, timu yetu imeshazidiwa vibaya, watoto sitini na wawili wameinua matarumbeta, dada akagonga moja, akagonga mbili, kisha mkono wa kushoto ukaangukia mapajani na kukataa katakata. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaninong'oneza, "Ukinigusa nakung'ata," akainua mkono wa kulia, akakipiga kijiti kwenye chuma cha mkongojo wake, na hiyo ndiyo ikawa tatu. Jamani, watoto walilipuka! Mechi tulipoteza, kumi na moja kwa mbili, na dada akala bakuli mbili za tambi.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kwa kiharusi cha pili, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mume, binti na mimi tukiwa kando yake, na siku mbili kabla alinivuta shati akasema kwa shida, "Utagonga wewe," nikamjibu kwamba mapigo siyawezi, akasema, "Tatu tu, Shige. Hata wewe."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyevumilia matusi yake, majirani waliotuletea chakula, Goro na wenzake waliounganisha gitaa zao na spika hapo uani, mtawa wa hekalu aliyekubali kelele hiyo karibu na ubani wake, na wanafunzi wa sekondari wanaosubiri getini na matarumbeta.

Sasa jeneza linatoka. Vijiti vyake ni hivi, mapigo siyawezi na mnajua, lakini nitagonga. Pumzika, dada, kazi yako tumeipokea. Na ninyi mlioko nje, nikigonga ya tatu, msingoje ya nne.