Mguu Hauhesabu

Msusi alipoona jirani yake kwenye treni anatega sikio, alimpa upande mmoja wa hedifoni. Hakujua kuwa jirani huyo ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa bendi iliyokuwa ikisikika humo, kabla hajaondolewa. Wimbo ulikuwa mpya, wa metali, magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga, na dramu anapiga yule aliyerithi kiti chake kwenye bendi.

“Sikia, kaka. Wimbo unapepesuka lakini hauanguki.”

“Hesabu tu hizo, dada. Mapigo saba, saba tena, halafu matano. Watu wameandika magumu kuliko hayo.” Watu hao ni yeye mwenyewe. Mpiga besi wa bendi aliyaita mapigo yake mtihani wa taifa, na mashabiki walitoka ukumbini kabla ya kusahihishiwa.

“Mimi sijui hesabu. Najua yananichezesha.”

Neno hilo lilimchoma, maana ndilo wenzake walilomwachia walipomwondoa: mapigo yako hayachezeki. Akainua kidole. “Hapo ameteleza. Kaacha pigo.”

“Subiri.”

Akasubiri, kama fisi aliyeona mkono wa mtu unaning’inia. Gitaa likapinda, likazunguka, na pigo likarudi mahali pake kama mwenye nyumba.

Treni ikasimama. Msusi akazima wimbo, akanyoosha mkono kuchukua hedifoni yake.

“Kateleza,” alisisitiza yule bwana.

“Sawa, kaka,” msusi alisema, akitazama sakafuni. “Basi uambie na mguu wako uache kucheza.”