Kamba ya Saba Imejaa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Hakimiliki, karibu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali yetu. Kiti chako tumekikausha, sakafu hatukuahidi. Tutasema kwa ufupi, maana mashuka yameloekwa.

TULIKOTOKA

Wimbo wa kumpokea mtoto ni wa zamani. Mama zetu waliukuta, na mama zao waliukuta. Lakini maneno "kamba ya saba imejaa" yana mwenyewe, naye amekaa pale mbele, mwenye kitambaa cha bluu. Tunamwita Mama Kamba.

Miaka ishirini na sita iliyopita alikuwa akianika nepi kwenye kamba ya saba, chini ya dirisha la wodi ya wazazi, huku akiimba. Akamwona mwenzake anakuja na beseni jingine. Katikati ya wimbo akampigia kelele, "Kamba ya saba imejaa." Akina mama dirishani wakadhani ni kiitikio, wakaitikia. Yeye akacheka hadi akaangusha vibanio.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo kila aliyejifungulia hapa ameondoka na mtoto pamoja na kosa lile. Leo linaimbwa kwenye harusi na mahafali, na watu ambao hawajawahi kuanika hata soksi.

KILICHOTUKWAMISHA

Mwaka jana alikuja bwana mmoja mwenye studio. "Rudia, mama, simu haikunasa sauti." Mama Kamba akarudia mara tatu, na chai akampa. Baadaye hospitali ikapata barua: wimbo mzima umesajiliwa kwa jina la bwana huyo, na anayeuimba hadharani alipe mrabaha. Msimamizi akatukataza kuimba.

Redioni bwana huyo aliulizwa kamba ya saba ni nini. Akajibu kuwa ni koo saba za mababu zake.

Mama Kamba alizima redio. "Basi ukoo wake wote ni nepi," alisema.

Tulicheka. Ila tangu hapo anaanika kimya, na akina mama wanatoka na watoto wao kama watu wanaotoka benki.

TUNACHOOMBA

Hatuombi mrabaha. Tulimuuliza Mama Kamba, akatujibu, "Wanangu, nitamtozaje mtu kwa kumpokea mtoto?"

Tunaomba usajili ule ufutwe, wimbo uandikwe kuwa ni wa wote, na mstari ule uandikiwe ulikotoka. Ofisi yako imeshapokea pingamizi letu lenye saini arobaini na moja, na wewe umekuja mwenyewe. Pilau ya leo hatukuipika bila kuona dalili njema.

Ushahidi uko nyuma ya mlango huu. Kamba zote zimeandikwa namba kwa rangi. Usiku wa jana na asubuhi ya leo wamezaliwa watoto tisa.

Tunakuombea macho yanayoona na kalamu isiyoishiwa wino. Ukifika kwenye kamba ya saba, tafadhali mwulize Mama Kamba kama kuna nafasi ya nepi moja zaidi. Atakujibu kwa sauti, na dirishani wataitikia bila kibali cha mtu.

Ni sisi,
Wafuaji wa Hospitali, Zamu ya Asubuhi