Mishumaa ya Bakoly Razafiarisoa, 1958–2025

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani, na nyote mliovumilia baridi ya asubuhi hii, kabla ya neno lolote tunaomba mtuondolee lawama, maana aliyesimama mbele yenu si mkubwa wa familia, wakubwa wapo na sauti zao ni nzuri kuliko hii, ila familia iliketi jana ikaamua kwamba historia isomwe na mdogo wake marehemu, Honorine, kwa sababu ndiye aliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na minne ya mwisho, na kwa sababu wengine wote walisema wamechoka. Honorine naye amechoka, lakini hakuwahi kusema, basi akikosea tarehe mtamsamehe.

Marehemu Bakoly Razafiarisoa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji kimoja karibu na Betafo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Gilbert, mfugaji wa nyuki, na marehemu Mama Ravaonirina, ambaye alilima mpunga na kuwalea watano hao kwa mkono mmoja, kwani mkono wa pili ulikuwa daima unamtafuta Mzee Gilbert porini. Tangu akiwa mdogo marehemu alikuwa na pua kali, akipewa donge la nta alilinusa akasema nyuki hawa wamekula mikalitusi, hawa wamekula mipichi, na baba alimpeleka sokoni kila Jumatatu ili wachuuzi wa nta chafu wamwogope. Wapo wazee hapa wanaomkumbuka akikaa juu ya gunia, msichana wa miaka minane, akikataa nta ya watu wazima kwa kutikisa kichwa.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi Betafo mwaka 1964 akamaliza mwaka 1970, kisha alijiunga na shule ya misheni hapa Antsirabe mwaka 1971, alikosoma hadi mwezi wa sita mwaka 1975, aliporudishwa nyumbani kwa sababu ambazo wazazi hawakuzieleza na yeye hakuziuliza, ila ilijulikana kwamba ada ya mwaka uliofuata ilikuwa ya kaka yetu.

Tarehe 10 Januari 1977 aliajiriwa katika warsha ya masista waliokuwa wakitengeneza mishumaa ya madhabahu, ingawa yeye alikuwa Mlutheri na masista walimkumbusha jambo hilo kila Ijumaa, na huko ndiko alikojifunza kwamba ugumu wa mshumaa hauko kwenye nta kama watu wanavyodhani, uko kwenye utambi, kwa kuwa utambi mwembamba ndani ya mshumaa mnene huchimba shimo na kuzama humo humo, na utambi mnene ndani ya mshumaa mwembamba hula nta upesi na kutoa masizi. Alifanya kazi hapo miaka kumi na saba, akisuka tambi za pamba kwa nyuzi kumi na mbili, kumi na nane na ishirini na nne, hadi warsha ilipofungwa tarehe 30 Septemba 1994.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980 na Bwana Edmond Ratsimba, fundi wa mikokoteni ya kuvuta abiria, ambaye yupo hapa kwenye benchi la mbele na ambaye kwa miaka arobaini na minne hakuwahi kulala katika nyumba isiyonuka. Walijaliwa watoto watatu, Mirana aliyezaliwa mwaka 1982, Tojo aliyezaliwa mwaka 1985, na Faly aliyezaliwa mwaka 1988 akaaga dunia mwaka 1990, ambaye marehemu alimtaja kila alipoulizwa ana watoto wangapi, na hakuwahi kusema wawili.

Warsha ilipofungwa marehemu alianza kutengeneza mishumaa jikoni kwake, akitumia makopo ya maziwa, sufuria mbili na mizani ya kupimia dhahabu aliyoazima kwa jirani na ambayo jirani bado anaiulizia. Alikosea kama wote tulivyokosea hapa, kwa kudhani kwamba nchi yenye vanila nyingi kama yetu haiwezi kukosa mshumaa wa vanila, akasaga maganda yaliyoletwa na shangazi kutoka Antalaha, akayakoroga ndani ya nta, unga ukashuka chini na mwingine ukaziba utambi, na mishumaa thelathini ikafa ikiwa na harufu ya uji ulioungua. Tangu siku hiyo alitumia mafuta tu, akiyapima kwa gramu, na kila kipimo alikiandika kwenye daftari.

Mwezi wa saba baridi ya mji huu ilikuwa ikipasua mishumaa juu kabla haijaganda vizuri, hivyo marehemu aliifunika kwa blanketi la sufu usiku kucha, blanketi lenyewe likiwa la kitanda chake, na Bwana Edmond alisikika akisema, "Mishumaa inalala na joto, mimi nalala na koti." Mwaka 2003 alipeleka makopo mia moja ya mishumaa Mahajanga, kwenye joto la pwani, ikafika mafuta matupu yanayocheza ndani ya kopo, akajifunza kwamba watu wa joto wanataka nta ya nyuki zaidi na watu wa baridi wanaweza kuvumilia parafini, na kwamba parafini hutoa harufu upesi lakini nta ya nyuki huibana, ukiilazimisha kwa kuongeza mafuta itayatema.

Kila Jumamosi mchana aliwasha mshumaa wa majaribio chumbani, akafunga mlango, akawapanga watu wa nyumbani mmoja kando ya dirisha, mmoja mlangoni na mmoja ukumbini, akauliza, "Imefika?" na watu wakajibu imefika au haijafika, na aliyejibu bila kunusa alijulikana usoni. Wajukuu walijificha siku hiyo. Bwana Edmond alisema, "Nyumba hii inanuka kila kitu isipokuwa wali," lakini alikaa mahali pake mlangoni, Jumamosi baada ya Jumamosi, na tunamshukuru.

Honorine alihamia hapo mwezi wa pili mwaka 2011 baada ya kufiwa na mumewe. Mwezi wa nane mwaka 2020 marehemu aliugua homa kwa siku kumi na moja, akapona kifua na miguu, ila hakupona pua. Jambo hili halikujulikana na mtu yeyote katika mkutano huu, hata mumewe, hata watoto wake, na familia haijaliandika kwenye karatasi hii kwa sababu familia inalisikia sasa hivi. Asubuhi ya kwanza alipotoka kitandani alifungua chupa ya karafuu, akaifunga, akaifungua tena, kisha akamwita mdogo wake jikoni.

"Honorine, hii ni nini?"

"Karafuu. Kwani huoni?"

"Naona. Nimekuuliza hii ni nini."

Tangu siku hiyo pua ya Honorine ndiyo iliyofanya kazi. Mtaona ni jambo dogo kunusa, lakini jaribuni kunusa mara arobaini kwa siku, kutoka nje baada ya kila mshumaa na kunusa mkono wa sweta ili pua isahau, kurudi ndani na kuulizwa, "Leo na jana, ipi nzito?" na kumjibu kwa hakika mtu ambaye hawezi kulihakiki jibu lako. Kichwa kilimuuma miaka miwili. Marehemu alijua kwamba anamchosha, aliomba radhi kila asubuhi, kisha akauliza tena.

Karatasi iliyoandikwa na familia inasema hapa kwamba mwaka 2022 marehemu alistaafu kwa hiari yake. Honorine ameusoma mstari huo mara nyingi tangu jana na hawezi kuusoma kwa sauti, kwa kuwa marehemu hakustaafu kwa hiari, na nyote mnajua.

Kwaya yetu iliagiza mishumaa arobaini ya nta safi ya nyuki yenye harufu ya maua ya langilangi, kwa ajili ya maandamano ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba 2022. Mafuta ya langilangi hayafanani, yale yanayotoka mwanzo kwenye mtambo ni makali na yanayotoka mwisho ni hafifu, na mchuuzi alileta chupa isiyo na alama, kwa hiyo daftari halikuweza kusaidia, ilibaki pua. Tarehe 19 Novemba, Jumamosi, marehemu alianza na gramu nne kwa kila mia ya nta.

"Imefika?"

"Hafifu."

Akatia sita, akatia nane, na kila mara Honorine alijibu, "Hafifu, dada," mpaka zilipofika gramu kumi na moja, ambazo nta ya nyuki haiwezi kuzibeba hata ikipigiwa magoti, ndipo Honorine akasema, "Hapo sawa." Mshumaa wa majaribio uliwaka robo saa ukaonekana mzima, na kwa kuwa siku zilikuwa chache hawakuuacha uishe.

Honorine alikuwa na mafua siku hiyo, siku ya tano ya mafua, hakunusa kitu chochote, si langilangi wala moshi wa kuni. Hakusema, kwa sababu angesema kazi ingeahirishwa na kuanza upya, na miguu ilikuwa inamuuma, na alitaka kulala, basi alijibu hafifu mpaka alipochoka, akajibu sawa.

Yaliyotokea kanisani mliyaona kwa macho yenu, kwamba kwa siku nane mishumaa ilikuwa imetoa jasho, ikateleza mikononi, ikazimika mmoja baada ya mwingine kabla kwaya haijafika mimbarini, na mafuta yakachirizika kwenye majoho meupe, huku kanisa zima likinuka hadi watoto wakapiga chafya. Mama Lantosoa, kiongozi wa kwaya, ambaye yupo hapa na hatumwonei, alisema mlangoni mbele ya watu, "Bakoly, umetutilia mafuta ya ng'ombe humu, halafu ukamwaga manukato yafiche!" Marehemu alisema, "Leteni majoho nitafua," akayafua yote ishirini na mawili kwa maji ya moto, akayapiga pasi juu ya karatasi ili mafuta yatoke, na siku aliyoyarudisha alikuta makopo ya mishumaa yake yamerudishwa na kupangwa kwenye kizingiti cha nyumba, mengine hayajawashwa.

Siku ya kufua, Honorine alimwambia, "Dada, waambie huna pua, wataelewa." Marehemu akasema, "Wakishaelewa hilo watauliza ni nani aliyenusa. Shika upande huo tukamue." Hakutengeneza mshumaa tena. Miaka miwili na nusu alipita njia ya nyuma kwenda sokoni, mtoto wa Mzee Gilbert, aliyewatisha wachuuzi wa nta chafu, akaitwa mchafu wa nta, na mishumaa inayowaka pembeni ya jeneza lake leo ni ya dukani, kwa agizo la kamati ya kanisa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu mwezi wa pili mwaka 2024, ikagundulika kuwa ni moyo, alitibiwa na kurudi nyumbani mara tatu, akalazwa kwa mara ya mwisho tarehe 3 Juni 2025. Tarehe 12 Juni, mchana, Honorine alikuwa akimlisha wali laini, akashindwa kuendelea, akaweka kijiko chini.

"Dada, siku ile ya langilangi nilikuwa na mafua. Sikunusa kitu."

"Najua. Ulikuwa unapumua kwa mdomo."

"Ulijua? Sasa mbona uliendelea kumimina?"

"Nilichoka kukuuliza, Honorine. Miaka miwili nakuuliza. Siku hiyo nilitaka tu mtu aniambie sawa."

Kisha akafungua kinywa alishwe. Aliaga dunia tarehe 19 Juni 2025, Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na miezi mitatu, akiacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani walioleta kuni, mchele na viti bila kuitwa, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa warsha ya masista, wanne waliobaki, waliotoka mbali na magoti yao mabovu, mchungaji aliyemtembelea hata kipindi ambacho wengine hawakupita kwake, na kwaya, ambayo itaimba baada ya hapa na ambayo majoho yake, mkiyatazama vizuri, hayana doa hata moja. Shemeji Edmond na watoto wangu Mirana na Tojo, hamkustahili kusikia haya mkiwa mmekaa mbele ya watu, lakini nisingeweza kumpeleka kaburini na mstari ule wa kustaafu, na kamati ikitaka kuniita nitakuja.

Dada yangu Bakoly, hawa wote wamesikia sasa. Pumzika. Nta ilikuwa safi.