Saa Mbili za Mzee Hatulii

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya saa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hapa tunamwita Mzee Hatulii. Ukimwona akila chakula cha mchana amesimama, huulizi jina limetoka wapi.

Alianza kwa kubadilisha mikanda. Leo kila fundi wetu amepita mikononi mwake, na sheria yake imekuwa sheria ya nyumba: saa otomatiki hairudi kwa mteja mpaka itembezwe. Saa hizo hazina betri. Hujijaza nguvu kwa mtikisiko wa mkono. Basi yeye huzivaa na kuzunguka: ngazi, korido, duka la vioo ng'ambo ya barabara, kisha ngazi tena. Siku ya harusi ya binti yake alisahau kuvua tatu. Wakwe wakamwuliza, kwa heshima zote, anauzaje.

Tangu mwaka huu uanze mizunguko imezidi, na sababu tunaijua. Kaka yake alistaafu akakalia kiti, na mwaka haukuisha miguu ikamgomea. Sasa mke wa Mzee Hatulii amenunua kiti kipya chenye mito. Mwenyewe anakiri kwamba hukipita ubavu ubavu, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Zawadi yake ilitugawa. Mhasibu alitaka saa ya bei kali: chuma kinachong'aa, kioo kisichochubuka, mashine inaonekana kwa nyuma. Dada wa mapokezi alitaka ya bei nafuu, ambayo kumi zake hazifikii bei ya ile moja: kioo cha kawaida, mkanda mgumu, lakini vipuri vyake vimejaa droo zetu. Tuliposhindwa kuelewana tuliziweka zote mezani pake, tukasingizia ni za wateja. Akavaa moja kila mkono, akashika njia.

Mwisho wa wiki zililala drooni. Jumatatu, ile ya bei nafuu ilikuwa kimya, na mhasibu akashangilia, "Marehemu huyo! Si niliwaambia?"

Mzee aliitikisa tu, ikaamka. Akaendelea kuzitembeza zote mbili wiki nzima, na wakati wa chai akatoa hukumu akiwa njiani kati ya dirisha na mlango. Ya bei kali ni bora, mtu asiwadanganye: haipotezi wakati, na ukiivua hutembea siku tatu peke yake. Ya bei nafuu hukimbia kidogo mbele, na ukitulia siku moja na nusu, imezima.

"Kwa hiyo nipeni hii ya bei nafuu," akasema. "Ile nikikaa itanifichia siri. Hii ni mbea, itanisema. Na saa za hao wateja wenu, wanangu, hazina hata mkwaruzo mmoja?"

Tulicheka kwa aibu. Yeye alikuwa keshafika ngazini.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako na kwa kutuvumilia. Wiki hii hata sisi hatutulii. Mlango ukilia kidogo, vichwa vyote juu, tukidhani umeshaondoka. Tunakuombea miguu mizima na njia ndefu. Pita hapa tuitazame saa yako. Siku mbili zikipita hujaonekana, tutajua imesimama, na tutakuja wote, mhasibu mbele, kukung'oa kwenye kile kiti.