Reine Kakataa Kuruka

MAGLOIRE: Haloo? Nani mwenzangu? Niko ndani ya tramu hapa Croydon, ongeza sauti!

LÉOCADIE: Ni mimi, dada yako. Hujambo, Magloire?

MAGLOIRE: Yaya Léocadie, dada yangu mkubwa! Sijambo kabisa, mama wa msomi! Kwaya wametunga wimbo. Sikia: “Reine karuka, karuka —”

LÉOCADIE: Hilo ndilo nililokupigia simu. Usiimbe kwanza —

MAGLOIRE: Jumapili kanisani, Woolwich nzima itajua! Mtoto kafanya ile mitihani ya Kimarekani, AP, kapata tano, na juu ya tano hakuna alama! Chuo chao cha Kimarekani hapa hapa mjini kimesema hesabu za mwanzo asisome, wanamhesabia kama kasoma. Mwaka mzima kauruka, yaya!

LÉOCADIE: Si mwaka. Ni somo moja.

MAGLOIRE: Moja? Kwenye bango nimeandika mwaka.

LÉOCADIE: Bango gani?

MAGLOIRE: La kutundika mbele ya kanisa. Na sombe, majani yetu ya muhogo, nimeshaagiza, na mbuzi —

LÉOCADIE: Magloire, hata hilo somo moja amekataa kuliruka.



MAGLOIRE: Tramu inapiga kelele. Umesema amekubali?

LÉOCADIE: A-me-ka-taa. Kaenda ofisini kwao mwenyewe, kawaambia wamrudishe darasa la mwanzo.

MAGLOIRE: Nani kamroga?

LÉOCADIE: Anasema, “Mama, mtihani niliufaulu, hesabu zenyewe sizijui. Nilikariri.” Walimweka na wakubwa. Mwalimu anaandika, yeye ananakili tu, haelewi hata mstari. Akirudi anajifungia bafuni, anafungulia maji nisisikie anavyolia.

MAGLOIRE: Si avumilie! Nani atajua?

LÉOCADIE: Anataka kujenga madaraja, Magloire.

MAGLOIRE: Mpaka afike kwenye daraja atakuwa ameshaelewa! Sasa pasta nimwambieje? Tumechinja mbuzi kwa kuwa mtoto anaanza mwanzo, kama watu wote?

LÉOCADIE: Mwanao Zéphyrin hajambo?

MAGLOIRE: ...Yupo.

LÉOCADIE: Naye mwaka jana aliruka, chuo hicho hicho. Tulicheza siku ile mpaka —

MAGLOIRE: Yuko likizo.

LÉOCADIE: Tangu Februari?

MAGLOIRE: Wamarekani likizo zao ndefu.

LÉOCADIE: Magloire.

[Mtandao unakwaruza.]

MAGLOIRE: Hatoki chumbani, yaya. Sahani namwachia mlangoni. Nikirudi kazini naikuta pale pale. Kanisani nimesema anafanya utafiti.

LÉOCADIE: Najua, ndugu yangu.

MAGLOIRE: Unajua?

LÉOCADIE: Wote wanajua. Wanaona vibaya kukuuliza.



MAGLOIRE: Na pasta?

LÉOCADIE: Pasta ndiye aliyeniambia mimi.

MAGLOIRE: Mama wee! Na utafiti wote ule niliomweleza!

LÉOCADIE: Alisema ulieleza vizuri sana.

MAGLOIRE: Usinichekeshe, watu wananitazama... Yaya, salio langu —

LÉOCADIE: Salio lako linaingiaje? Nimepiga mimi!

MAGLOIRE: Basi betri. Sikiliza. Huko ofisini, Reine aliongea na nani?

LÉOCADIE: Na mama mmoja, mpole. Kwa nini?

MAGLOIRE: Walimcheka?

LÉOCADIE: Hapana. Walimpa kiti tu.

MAGLOIRE: Basi niulizie kwa huyo mama... mtu aliyeacha katikati, kama anaweza kurudi hapo hapo mwanzoni. Usitaje jina.

LÉOCADIE: Sitataja.

MAGLOIRE: Au — hapana, taja. Mwambie Reine ampigie Zéphyrin yeye mwenyewe, mimi hanipokei. Waulize kama kuna kiti kingine, yaya, kiti cha —

LÉOCADIE: Nimesikia. Nitamwambia sasa hivi. Magloire? Haloo?