Wenye Kiungo Chao

Dada mmoja, ambaye kazi yake ni kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, alishajiapiza kutoitaja kazi hiyo ndani ya treni, tangu abiria wawili walipompandishia suruali awapime magoti. Kwa hiyo alitazama dirishani tu, huku mbele yake mpishi na seremala wasiojuana wakigombea neno.

Ugomvi ulianzia kwenye kikapu kilichonukia. "Viungo tu hivi, baba," mpishi alikuwa amesema. "Iliki na mdalasini."

"Kiungo ni pale ubao unapouma ubao," seremala akamkatiza. "Hayo yako ni magome."

"Basi kampikie mkeo ubao, tuone kama atashiba!"

"Kila mtu anatuchukulia neno letu! Mchezaji wa katikati ya uwanja, kiungo. Wanangu wananitumia kiungo kwenye simu, nikibonyeza naona paka anacheza. Ila wezi wakubwa ni hao wa hospitali. Wameona kiti, wakaliita goti kiungo."

Hapo dada uzalendo ukamshinda. "Mzee, watu walikuwa na magoti kabla hujachonga kiti! Mimi ndiye ninayeyanyoosha!"

Wagomvi wakatazamana, na kwa mara ya kwanza wakaelewana.

Treni iliposimama kwenye kituo cha dada, njia ilikuwa imezibwa na mguu wa seremala, suruali imeshapanda hadi pajani. Mpishi alikuwa anavua kiatu.

"Anza na mimi, daktari," akasema. "Huyu ana gundi yake."